Chachu ya mgema haina kasoro ya kuichujia: nitumie dawa gani?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayechunguza tembo la mnazi. Ametenga chachu ya aina ya Saccharomyces cerevisiae kutoka katika kibuyu cha mgema, na anataka kujua kama harufu ya ndizi mbivu anayoisikia katika tembo hilo inatokana na jeni mbili, ATF1 na ATF2, ambazo hutoa vimeng'enya vya kuunda isoamili aseteti. Anaandika hivi: «Kitabu ninachokifuata kinaniambia nifute kila jeni kwa kuweka URA3, jeni ya kutengenezea urasili, mahali pake, lakini chachu yangu inaota vizuri hata pasipo urasili. Mwenzangu akanishauri nitumie kanMX, ambayo ni jeni ya usugu, na dawa ya G418. Nimejaribu: baada ya hatua ya joto la nyuzi 42 nilizisuuza seli na kuzipaka moja kwa moja kwenye aga yenye G418, na siku ya tatu sahani ikajaa makoloni madogo yasiyohesabika. Nikayapima sita kwa PCR, njia ya kunakili na kukagua kipande cha DNA, na hakuna hata moja lililobadilika. Je, dawa ni mbovu, au chachu yangu ina usugu wa asili? Nikifaulu jeni ya kwanza, ya pili niichujie kwa dawa ipi? Na kwa nini nisitumie dawa za fangasi za dukani, kwa mfano nistatini?»

Kwa maelezo uliyoyatoa, sidhani kama dawa ni mbovu, wala sidhani kama chachu yako ni sugu. Tatizo ninaliona katika mambo mawili: muda uliozipa seli kati ya kuingiza DNA na kuzipaka kwenye dawa, na kipimo cha dawa yenyewe. Lakini kabla ya kufika huko, tumalizane na URA3, kwa sababu wanafunzi wengi huingia katika mtego huo huo.

URA3 huchuja seli pale tu ambapo chachu iliyokusudiwa imeharibiwa jeni hiyo tangu mwanzo. Chachu za maabara za ukoo wa S288C, kama vile BY4741, zimetengenezwa makusudi zikiwa na upungufu wa namna hiyo: hazijitengenezei urasili, histidini, lusini wala methionini, na ukizirudishia jeni moja unaitambua seli iliyoipokea kwa kuwa inaota pale ambapo wenzake wanakufa njaa. Chachu uliyoitoa kwa mgema haina upungufu huo. Unaweza kuivunja URA3 kwa kutumia dawa ya 5-FOA, ambayo huziua seli zenye URA3 nzima, lakini chachu ya porini kwa kawaida ina seti mbili za kromosomu, kwa hiyo itakubidi uvunje nakala zote mbili; tena ukishafanya hivyo, chachu inayosubiri kulishwa urasili si ile uliyotaka kuichunguza. Anayepima harufu ya tembo hapaswi kuanza kwa kuivuruga lishe ya kiumbe kinacholitengeneza tembo lenyewe. Kwa hiyo mwenzako alikushauri vyema.

Alama za usugu wa dawa, yaani jeni zinazotuonyesha seli ipi imepokea DNA, hazihitaji kasoro yoyote katika chachu. Seli inapewa jeni ya kigeni inayoizima dawa, na nakala moja tu inatosha hata kama seli ina seti mbili au nne za kromosomu. Njia hii ilianza mwaka 1980, Jimenez na Davies walipoonyesha kwamba jeni ya usugu iliyotoka kwenye transposoni (kipande cha DNA kinachohamahama) ya bakteria, Tn903, inaweza kufanya kazi ndani ya chachu na kuikinga dhidi ya G418. Jeni hiyo huwakinga bakteria dhidi ya kanamisini, na huenda ukajiuliza kwa nini tusiitumie kanamisini, ambayo ni rahisi zaidi kununua. Sababu ni kwamba kanamisini hushika ribosomu (mashine za kutengenezea protini) za bakteria, ilhali za chachu haizishiki kiasi cha kuidhuru seli. G418, iliyo ndugu yake katika kundi la aminoglikosidi, huzishika ribosomu za pande zote mbili na kuvuruga usomaji wa ujumbe wa jeni. Kimeng'enya kile kile kinazizima zote mbili kwa kuzibandika kundi la fosfeti. Mwaka 1994 Wach na wenzake walikiweka kipande hicho cha bakteria kati ya promota na teminata, yaani sehemu za kuanzishia na kumalizia usomaji, za jeni ya TEF kutoka kuvu mwingine, Ashbya gossypii, na hapo ndipo kanMX ilipozaliwa. Uteuzi wa Ashbya ulikuwa wa busara: mfuatano wake unafanana na wa chachu kiasi cha kusomwa vizuri, lakini umetofautiana nao vya kutosha hata kipande kisivutwe kuungana na jeni ya TEF ya chachu yenyewe. Mradi wa kimataifa uliofuta jeni za chachu moja baada ya nyingine, karibu 6,000 kwa jumla, uliitumia kanMX hiyo hiyo.

Kuhusu nistatini, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Nistatini iligunduliwa na Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, waliokuwa wakifanya kazi katika idara ya afya ya jimbo la New York, nao wakaitangaza mwaka 1950. Jina lake limetokana na jina la jimbo hilo. Dawa hii hushika ergosteroli iliyo kwenye utando wa seli ya kuvu. Seli huipata kinga si kwa kuibomoa dawa, bali kwa kuacha kutengeneza ergosteroli ya kawaida, yaani kwa kuharibika jeni zake za ERG. Kwa hiyo hakuna jeni ndogo nadhifu ya kuzima nistatini unayoweza kuihamisha; usugu wake hujitokeza wenyewe kwa mabadiliko ya bahati nasibu, hufichika mbele ya nakala nzima ya jeni, na seli iliyoupata hubaki na utando usio wa kawaida. Mambo hayo matatu yanatosha kuiondoa katika orodha ya alama. Flukonazoli nayo nisingeitumia, na hapo naongeza sababu nyingine: ni dawa ambayo mgonjwa hospitalini anaitegemea, na si busara kuzalisha kuvu wenye usugu dhidi yake kwa ajili ya urahisi wa benchi. Hata hivyo nistatini ina historia yake katika jenetiki ya chachu. Mwaka 1966 Snow alionyesha kwamba inaua zaidi seli zinazokua kuliko zilizolala, kwa hiyo ukizinyima seli lishe fulani kisha ukaitia, zinazosalia ni zile zilizoshindwa kukua, yaani zenye upungufu unaoutafuta.

Sasa turudi kwenye sahani yako. Umeandika kwamba baada ya hatua ya joto la nyuzi 42 ulizisuuza seli na kuzipaka moja kwa moja kwenye aga yenye G418. Kwa URA3 utaratibu huo unafaa, kwa sababu seli yenye njaa husubiri. Kwa G418 haufai. Wakati huo DNA imeingia tu. Seli bado haijainakili jeni wala haijatengeneza kimeng'enya, na dawa unayoikutanisha nayo inazuia kazi ile ile ya kutengeneza protini. Seli iliyofaulu inakufa ikiwa na dawa yake mfukoni, kwa namna ya kusema. Zitie seli kwenye mililita moja au mbili za mchuzi wa YPD (chakula cha kawaida cha chachu) usio na dawa, uziache zikitikiswa katika nyuzi 30 kwa muda wa saa tatu hadi nne. Kwa chachu ya porini, ambayo hupokea DNA kwa shida, mimi huziacha usiku kucha, huku nikikumbuka kwamba koloni mbili zitakazoota asubuhi zinaweza kuwa watoto wa seli moja.

Yale makoloni madogo yasiyohesabika ni kitu tunachokizoea. Ukipaka seli nyingi mno, seli zisizo na kinga hugawanyika mara chache kabla ya kuzidiwa, nazo huacha ukungu wa vidoto ambao mtu mgeni huuhesabu kuwa ni makoloni. Na zingine hupata DNA isiyounganika na kromosomu, zikaishi kwa kimeng'enya cha muda mpaka kiishe. Vyote viwili hutenganishwa kwa kunakili sahani. Chukua kitambaa cha mahameli kilichosafishwa kwa mvuke, kifunge juu ya kitako cha mviringo, ibonyeze sahani yako juu yake mara moja pasipo kuiburuta, kisha ubonyeze sahani mpya yenye G418 juu ya alama iliyoachwa na ile ya kwanza. Baada ya siku mbili utaona jambo la kupendeza: ukungu wote umepotea, na yamebaki makoloni machache, meupe, yaliyotuna, yenye kingo safi. Hayo ndiyo ya kupima kwa PCR. Yale sita uliyoyapima, naweza kukisia bila kuyaona, yalikuwa ukungu.

Kipimo ni jambo la pili. Vitabu husema mikrogramu 200 kwa mililita, na hiyo ni sahihi kwa chachu ya maabara, lakini ni lazima ujue inahesabiwa mikrogramu za nini. Unga wa G418 si dawa tupu. Kila chupa huandikwa nguvu yake, ambayo mara nyingi ni kama mikrogramu 700 na ushei kwa kila miligramu ya unga. Tuseme chupa yako imeandikwa 720. Kwa nusu lita ya aga unahitaji miligramu 100 za dawa halisi, kwa hiyo utapima miligramu 139 za unga. Aliyepima miligramu 100 za unga amepata mikrogramu 144 tu kwa mililita, na kwa chachu yenye ubishi kidogo hiyo ndiyo tofauti kati ya sahani safi na sahani ya ukungu. Zaidi ya hayo, chachu za porini hutofautiana sana, kwa hiyo usiamini kipimo cha mtu mwingine, hata changu. Mwaga sahani zenye mikrogramu 0, 50, 100, 200, 300 na 400, upake kwenye kila moja idadi ile ile ya seli za chachu yako isiyoguswa, kiasi cha milioni 10, usubiri siku tatu, kisha uchague kipimo cha chini kabisa kilichozuia kila kitu. Kazi hii inagharimu unga kidogo na inaokoa miezi.

Angalia pia unaitia dawa katika nini. G418 hufanya kazi vizuri katika YPD, yaani dondoo la hamira asilimia 1, peptoni asilimia 2 na glukosi asilimia 2. Lakini ukiihamishia katika chakula cha kupimwa, kile ambacho nitrojeni yake ni amonia salfeti, utashangaa kuona kila seli inaota. Amonia salfeti huidhoofisha dawa. Dawa ya tatizo hili iko jikoni: ondoa amonia salfeti, uweke badala yake monosodiamu glutameti, kile kiungo kinachotiwa kwenye supu za pakiti, gramu moja kwa lita. Maabara zinazofanya misalaba ya maelfu ya chachu kwa mashine hutumia njia hiyo kila siku. Kwa jumla chumvi nyingi na uchachu mkali ni maadui wa dawa hizi.

Ukipata makoloni ya kweli, usishangae PCR ikikuonyesha mistari miwili: mmoja wa jeni iliyofutwa na mwingine wa ATF1 nzima. Chachu yako ina nakala mbili, na dawa imeridhika na badiliko la moja. Hapa ndipo ninapotaka uelewe mpaka wa kazi ya dawa. G418 inaweza kukuambia kwamba kanMX imo ndani ya seli na inafanya kazi. Haiwezi kukuambia iko wapi, wala kama jeni uliyoilenga imetoweka. Jibu la «wapi» hutolewa na PCR ya viungio, ukitumia kianzishi (kipande kifupi cha DNA ambapo kunakili huanzia) kimoja kilicho nje ya kipande ulichokiingiza na kingine kilicho ndani ya kanMX, upande wa kushoto na wa kulia. Kwa kuwa chachu ya porini huunganisha DNA kwa uvivu kuliko zile za maabara, usitegemee mikia ya herufi 40, yaani ncha za kipande zinazofanana na pande mbili za jeni unayoilenga, inayotosha kwa BY4741. Weka mikia mirefu ya herufi 200 hadi 500 kila upande.

Namna ya kuiondoa nakala ya pili ni mojawapo ya starehe za kufanya kazi na chachu ya porini. Iweke kwenye aga yenye potasiamu aseteti asilimia 1 mpaka itoe spora. Kila kifuko kitakuwa na spora nne. Zitenganishe kwa sindano chini ya hadubini, uzioteshe kwenye YPD, kisha unakili kwenye G418. Kama kanMX imeingia mahali pamoja tu, kila kifuko kitakupa mbili zinazoishi na mbili zinazokufa. Ukipata nne zinazoishi, au tatu kwa moja, kipande kimeingia zaidi ya sehemu moja, na koloni hilo uliache. Chachu nyingi za porini zina jeni ya HO iliyo hai, ambayo huifanya seli iliyotoka kwenye spora kubadili jinsia na kujioanisha na binti zake. Matokeo yake ni kwamba spora yenye kanMX inageuka yenyewe kuwa chachu ya seti mbili iliyofutwa ATF1 kotekote. Hukuhitaji dawa ya pili kwa ajili ya nakala ya pili.

Dawa ya pili unaihitaji kwa ATF2. Chaguo langu ni nosiothrisini pamoja na alama ya natMX. Goldstein na McCusker waliitoa mwaka 1999 pamoja na hphMX ya haigromisini B na patMX ya bialafosi, zote zikiwa zimejengwa juu ya kiunzi cha kanMX. Nosiothrisini hutoka kwa Streptomyces noursei, spishi ile ile iliyotupa nistatini, na huzimwa kwa kubandikwa kundi la asetili. Mikrogramu 100 kwa mililita hutosha kwa chachu nyingi, sahani zake huwa safi kuliko za G418, na ubaya wake ni bei. Haigromisini B ni nafuu zaidi, kwa mikrogramu 200 hadi 300, ila ni sumu kwa binadamu pia. Vaa glovu na usiipime unga wake mbele ya feni. Zeocin na ndugu zake wa fleomisini sizipendi kwa kazi yako, kwa sababu zinaua kwa kukata DNA. Protini ya kinga yake haibomoi dawa bali huikumbatia, molekuli moja kwa moja, kwa hiyo dawa ikizidi protini, seli uliyoiteua kwa jeni moja iliyofutwa inaweza kutoka na makovu mengine usiyoyajua. Siklohekisimaidi, ambayo usugu wake hutokana na badiliko la protini ya ribosomu ya CYH2, ina matumizi yake ya kinyume: seli yenye nakala nyeti hufa hata kama inayo nakala sugu, kwa hiyo hutumika kuchuja zilizopoteza kitu badala ya zilizokipata.

Kuna hatari moja ambayo maelekezo mengi huipitia haraka. Kwa kuwa kanMX na natMX zina promota na teminata za aina moja, chachu haioni tofauti kubwa kati ya «ingia ATF2» na «ingia mahali pa kanMX». Miaka mingi iliyopita, katika maabara ambayo sitaitaja, niliingiza natMX katika chachu iliyokwisha kufutwa jeni ya kwanza, nikapata makoloni mazuri kwenye nosiothrisini, nikayapigia picha na kumwonyesha msimamizi wangu. Siku iliyofuata nilipoyanakili kwenye G418, karibu yote yakafa. Alama mpya ilikuwa imeifukuza ile ya zamani na kukaa kwenye kiti chake; jeni ya pili haikuguswa. Waliobuni alama hizi huitumia tabia hiyo kwa makusudi kubadilisha kanMX kuwa natMX, lakini kwa asiyeijua ni wiki mbili zilizopotea.

Unaweza kujikinga kwa kupaka kwenye sahani yenye dawa zote mbili tangu mwanzo. Ila kwa kesi yako kuna njia ninayoipenda zaidi, kwa kuwa haihitaji kuingiza DNA katika chachu iliyokwisha kubadilishwa. Futa ATF1 kwa kanMX katika kundi moja la seli asilia, na ATF2 kwa natMX katika kundi jingine. Toa spora pande zote mbili, zichanganye kwenye YPD ziote pamoja, kisha upake mchanganyiko kwenye G418 na nosiothrisini kwa pamoja. Spora nyingi zitajioanisha zenyewe na kuuawa na dawa ambayo hazina kinga yake. Zitakazoota ni zile zilizokutana na mwenzi wa upande wa pili. Hizo nazo zitoe spora. ATF1 iko kwenye kromosomu ya 15 na ATF2 kwenye ya 7, kwa hiyo zinagawanyika pasipo kufuatana, na takriban spora moja kati ya nne itakuwa imerithi alama zote mbili. Faida ya ziada ni kwamba spora zisizo na alama yoyote, na zenye moja moja, zinatoka katika familia hiyo hiyo. Zitumie kama vipimo vya kulinganishia. Chukua familia kadhaa, si moja, kwa sababu chachu ya porini mara nyingi hubeba tofauti kati ya seti zake mbili, na ndugu wa kifuko kimoja wanaweza kutofautiana harufu kwa sababu isiyohusiana na ATF.

Unapofika kwenye kuchachusha, usitie dawa yoyote katika utomvu wa mnazi. Alama imekaa ndani ya kromosomu na hairuki kama plasmidi. Dawa ingekupotezea fedha na kubadili mwenendo wa chachu. Pima esta, yaani kundi la kemikali za harufu lenye isoamili aseteti, kwa kromatografia ya gesi, maana pua huzoea baada ya chupa ya tatu. Iwapo siku moja utataka kuondoa alama zenyewe, tumia kanMX iliyozungushiwa mifuatano ya loxP, ambayo kimeng'enya cha Cre huikata na kuacha kovu dogo. Mpaka hapo chachu hizi ni viumbe vilivyobadilishwa jeni: ziripoti kwa kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo chako kabla ya kuanza, uziue kwa mvuke kabla ya kumwaga, na tembo la majaribio, hata likinukia ndizi namna gani, lisitoke kwenye maabara kwa ajili ya kuonjwa.

Kwa wiki hii anza na sahani zile sita za kipimo, na uangalie namba ya nguvu iliyo kwenye chupa yako ya G418.